Hereni Iliyopotea Ngazini

Jumanne, 4 Machi

Nimepewa daftari. Mama Mshauri wa kliniki amesema niandike kila siku, hata mistari miwili, mambo yalivyo na siyo ninavyotaka watu wayaone. Amesema hatalisoma. Afadhali.

Nimefika kwake kwa bahati mbaya. Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu, Bwana Mdogo, kupimwa uzito. Miezi minne, kilo sita na nusu, hana kasoro hata moja. Muuguzi akanipa karatasi ya maswali kumi, ya mama na siyo ya mtoto. Kama bado nacheka. Kama najilaumu bure. Kama naogopa bila sababu. Unaweka tiki kwenye kisanduku. Shule niliishia njiani, lakini tiki naziweza. Nikapata alama kumi na nne. Nikafurahi, maana darasani sikuwahi kufika kumi na nne kwa somo lolote. Kumbe hapa ukipata nyingi ndiyo umefeli.

Basi leo nimekaa mbele ya Mama Mshauri. Chumba chake zamani kilikuwa stoo, na mizani mbovu za watoto bado zinaning'inia ukutani. Kiti cha mgeni kina mguu mmoja mfupi. Akauliza nalalaje. Nikasema vizuri. Kiti kikayumba. Akauliza kama nalia. Nikasema silii. Kikayumba tena. Nina wasiwasi kile kiti kimewekwa makusudi.

Baada ya wiki mbili nitajaza karatasi nyingine. Lengo: chini ya kumi. Sababu ninayo. Mama mkwe, ambaye yuko hapa tangu nijifungue, ameshasema mara mbili, akimwangalia mtoto na siyo mimi, kwamba kama hapa pananielemea, kwake kuna nafasi. Mtoto wa wifi yangu alimchukua hivyohivyo akiwa na miezi mitano. Leo yuko darasa la pili, na mama yake mzazi anamwita dada.

Bwana Mdogo atafikisha mitano mwezi ujao.

Jumatano, 5 Machi

Tunakaa ghorofa ya tatu. Ngazi arobaini na mbili. Nimezihesabu kwa makalio.

Ni hivi. Tangu Bwana Mdogo alipotimiza mwezi, nikisimama juu ya ngazi nimembeba, naona mikono yangu ikimwachia. Siyo ndoto, niko macho. Mikono inafunguka, yeye anakwenda. Natazama tena, bado yuko kifuani, amelala, hana habari amezaliwa na nani. Kwa hiyo nakaa chini. Namfunga kifuani kwa mbeleko na kushuka nimekaa, ngazi moja baada ya nyingine, kama mtoto anayejifunza. Kupanda si tabu sana, natazama ukuta.

Nimwambie nani? Nianzeje? Shikamoo mama, naona mikono yangu inamwangusha mjukuu wako?

Leo Fundi Viatu wa ghorofa ya pili amenikuta katikati ya ngazi nimekaa. Nikamwambia nimeangusha hereni, naitafuta. Akasema pole, akanipisha. Nimejipongeza kwa wepesi wa akili.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Mapacha anakaa chini kabisa, hana ngazi hata moja. Watoto wawili, na bado kila siku saa mbili asubuhi ameshajitengeneza, nywele zimesukwa, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa kama sufuria mpya. Mama mkwe hachoki naye. Umemwona mwenzio? Umeona nepi za mwenzio? Mwenzio hivi, mwenzio vile. Mwenzangu tangu lini?

Kamba za nguo ziko uani na kila dirisha linaziona. Jana yeye nepi kumi na nane, mimi sita. Leo nikatoa nepi tisa safi kabatini, nikazilowesha, nikazianika pamoja na zile sita. Kumi na tano. Mama mkwe akachungulia dirishani, akasema leo naona umeamka. Furaha yangu ilidumu mpaka saa nne, Mama Mapacha alipotoka na beseni. Ishirini na mbili.

Halafu nepi zangu zote zikawa mbichi. Bwana Mdogo ameshinda amefungwa kipande cha sare ya shule. Mimi napinda sare nyumbani kwa ajili ya Fundi Cherehani, aliyeniajiri, na sasa sijui nitamweleza nini kuhusu kile kipande.

Jumapili, 9 Machi

Fundi Viatu ametangaza habari ya hereni. Asubuhi nimemkuta ngazini na tochi, mkewe nyuma na ufagio, na mzee wa ghorofa ya nne, aliyestaafu posta, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Wakauliza ni dhahabu? Nikasema ya kawaida tu. Ya duara au ya kuning'inia? Ya duara. Mke wa Fundi akashusha sauti, akasema amesikia ilikuwa ya marehemu mama yangu.

Sijui nani alimwambia. Nilitaka kusema hapana. Badala yake nikaanza kulia, pale pale, mbele ya tochi. Basi ikawa imethibitishwa. Mzee wa posta akaondoka na kurudi na ungo wa kuchekechea mavumbi.

Mama yangu hakuwahi kuvaa hereni. Alifariki nikiwa na mimba ya miezi mitatu. Namba yake bado iko kwenye simu yangu. Siku niliyojifungua niliipiga. Akapokea mwanamume, mtu mwingine kabisa, akasema umekosea namba, dada. Nikamwambia nimejifungua mvulana. Akasema hongera. Akangoja kidogo kabla ya kukata.

Jumanne, 11 Machi

Kwa Mama Mshauri mara ya pili. Leo hakuniuliza mengi, alisimulia. Hakumtaja mtu kwa jina. Dereva aliyepata ajali, asiyeweza tena kukaa kiti cha mbele. Muuza duka anayerudi mara saba kutazama kufuli. Mama aliyejifungua salama, kila mtu anamshangilia, yeye ndani amekauka kama mti. Akasema haya ni maradhi kama maradhi mengine, siyo laana wala uvivu, na dawa yake kubwa ni kuyasema kwa mtu anayejua kusikiliza. Akasema wengine hupewa pia vidonge, wengine mazoezi, wengine muda tu na mtu wa kukaa naye.

Nikamuuliza swali kwa niaba ya jirani. Kwamba jirani anaona mikono yake inafanya jambo ambalo hataki kabisa lifanyike. Akauliza huyo jirani ana mtoto? Nikasema ana mapacha. Limetoka lenyewe.

Akasema mwambie jirani kwamba wazo ni wazo, siyo tendo. Linaingia bila hodi. Kama linamtetemesha hivyo, ni kwa sababu anampenda mtoto kuliko anavyojua mwenyewe. Akasema mwambie aje, kiti kipo.

Nilipanda ngazi za nyumbani nikitazama ukuta na kurudia maneno hayo ili nimfikishie jirani. Nililia kuanzia ngazi ya kumi na tano.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeliona begi. Liko chini ya kitanda cha mama mkwe, limefunguliwa nusu. Nguo za Bwana Mdogo zimekunjwa juu. Ile kofia ya manjano. Soksi zote.

Nimechukua kofia nikairudisha kabatini. Baada ya saa moja iko begini tena. Nimeitoa, nikaweka vipande vya sare mahali pake. Jioni vipande viko mezani, vimepigwa pasi. Hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa sina nafasi ya kubahatisha. Jumanne najaza karatasi, na Mama Mapacha naye siku yake ni hiyohiyo. Hakuna mwanamke mwenye furaha kuliko yule katika jengo lote hili. Mpango: nakaa naye benchi moja, nanakili tiki zake.

Jumanne, 18 Machi

Leo nitaandika polepole.

Benchi la kliniki. Mama Mapacha kaka mtu begani, mdogo mtu mapajani, karatasi juu ya goti. Mimi ubavuni, nimejikausha, macho yananitoka pembeni. Sikusoma maswali. Mimi kusoma kunanichukua muda, na yeye ni mwepesi. Nilihesabu visanduku tu. La kwanza, cha tatu. La pili, cha tatu. La tatu, cha mwisho. Mpaka la kumi. Nikakimbia kumkabidhi muuguzi kabla sijashikwa.

Niliporudi kumchukua Bwana Mdogo kwa aliyenishikia, Mama Mapacha alikuwa bado anaitazama karatasi yake. Akaikunja. Ndogo, halafu ndogo zaidi, halafu ndogo kabisa, akaisukuma chini ya nepi ndani ya mkoba. Akamwambia muuguzi mtoto ameikojolea, naomba nyingine. Mtoto alikuwa mkavu, nilimwona. Hiyo ya pili akaijaza upesi, bila kusoma, tiki zote upande mmoja, anatabasamu. Nikafikiri labda aliandika vibaya mwanzo.

Mara muuguzi akaja kukaa karibu nami. Akanishika mkono. Sauti yake ilikuwa imeshuka kama ya msibani. Alama ishirini na tatu.

Nikapelekwa kwa Mama Mshauri bila kungoja zamu. Akanisomea majibu yangu moja moja. Sicheki tena. Najilaumu karibu kila wakati. Siioni kesho. Akafika la kumi. Akavua miwani, akaniuliza bila kuzunguka kama ninafikiria kujiua.

Nikasema siyo mimi.

Akangoja. Nikahesabu kichwani: nikinyamaza, tiki hizo ni zangu, na begi linaondoka. Nikisema, nimemchongea mwenzangu, na huenda wake wawili wataondoka pia. Nilikaribia kunyamaza, Mungu anajua. Lakini kila nikifumba macho naiona ile karatasi inavyokunjwa.

Nikasema ni za mtu mwenye wawili. Akauliza yule jirani wa wiki iliyopita? Nikasema hapana, jirani wa wiki iliyopita ni mimi. Huyu ni jirani wa kweli.

Ndipo nikamwambia yote. Mikono. Ngazi arobaini na mbili. Hereni. Begi. Nilisema mpaka pua ikaziba. Kiti hakikuyumba hata mara moja.

Akanishukuru, akatoka upesi. Nikasikia anamwambia muuguzi amwahi mama wa mapacha kabla hajafika getini. Waliingia naye chumba cha chanjo. Kaka mtu na mdogo mtu walibaki nje wamebebwa na wauguzi, mmoja mmoja. Baada ya saa nzima Mama Mapacha alitoka, macho mekundu, nywele zimesukwa vilevile. Alinipita kama ninavyoupita ukuta.

Alhamisi, 20 Machi

Mama mkwe alikuwa sokoni. Mlango ukagongwa kwa mguu. Mama Mapacha, mtoto kila mkono, amepanda ngazi zote anahema. Hakubisha hodi ya mdomo. Akasema, "Ulichungulia."

Nikasema nilichungulia.

Akasema shuleni aliwahi kukaa na watu wa namna yangu, na wote walifeli. Akaingia, akawalaza wanawe kitandani kwangu pembeni ya wangu, akakaa sakafuni. Nikakaa naye. Halafu akasema kila asubuhi anajitengeneza ili mtu yeyote asiulize. Mumewe akimwambia kitu ni kwamba Mungu amewapa wawili wazima, wengine hata mmoja hawana. Kwa hiyo ataanzia wapi kusema? Akalia bila sauti, kama mtu aliyefanya mazoezi ya kutosha. Nilitaka kumwambia maneno ya Mama Mshauri, yakanipotea yote. Nikamshika kisigino, ndicho kilichokuwa karibu.

Amesema dada yake amekuja kukaa naye. Ameonana na daktari, amepewa vidonge. Kliniki inampigia simu kila asubuhi na kila jioni, na amepewa namba ya kupiga wakati wowote wazo lile likirudi. Amesema jana lilirudi, akapiga, wakapokea. Alisema hilo la kupokea mara mbili.

Wakati wa kuondoka akauliza, mtoto wako ni mmoja, zile nepi kumi na tano zilitoka wapi?

Nikaona nimeshaumbuka, hakuna cha kuficha. Nikasema tisa zilikuwa safi. Nilizilowesha tu.

Akanitazama. Akasema yeye zake kumi. Tangu mapacha wana wiki mbili. Kwa sababu ya dirisha la mama mkwe wangu.

Tumecheka mpaka watoto wakaamka watatu kwa pamoja. Halafu ikatujia kwamba yeye kwa miezi, na mimi tangu juzijuzi, tumekuwa tukifua nguo safi, watu wazima wawili, tumechoka hivi, na kila mmoja akimwogopa mwenzake. Kicheko kikageuka.

Jumapili, 23 Machi

Zimepatikana hereni tatu.

Msafara ulikuja mlangoni: Fundi Viatu, mkewe, na mzee wa posta akiwa na sahani. Juu ya sahani hereni tatu, hakuna mbili zinazofanana. Wakaniomba nichague ya marehemu. Mzee alikuwa ameifuta vizuri ile moja ya duara, akaisogeza mbele kidogo kwa kidole, kunisaidia. Nikaichukua. Ningefanyaje? Nikawashukuru. Mke wa Fundi akafuta machozi.

Mama mkwe akafunga mlango. Akarudi kwenye mchele wake, akaendelea kuchambua. Bila kuinua macho akasema jambo moja linamtatiza. Mtu ambaye masikio yake hayajatogwa amepotezaje hereni?

Nikashika masikio. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Akasema amenisikia nikishuka nimekaa tangu Bwana Mdogo alipotimiza mwezi. Mtu anayeshuka kwa miguu ana mlio wake, na mimi nina mlio wangu. Alikuwa akisimama mlangoni kila siku mpaka anisikie nimefika chini. Hakusema kwa sababu hakujua aseme nini. Akasema alidhani nikisikia anajua, nitaona nasemwa.

Nikamuuliza basi begi. Sauti ilitoka kama ya kuku. Nikasema najua anamchukua Bwana Mdogo kama alivyomchukua yule wa wifi.

Akainuka, akalivuta begi, akalimwaga lote kitandani. Chini ya kofia na soksi kulikuwa na magauni yangu mawili, ndala zangu mpya na kitana changu nilichokuwa nimekitafuta wiki nzima. Akasema kwake ni nyumba ya chini, haina ngazi. Alikuwa anamngoja mwanawe, mume wangu, arudi safari wakubaliane.

Akauliza, "Nimchukue mtoto, halafu wewe nikuache hapa na nani?"

Akaniambia nimsaidie mchele.

Jumanne, 25 Machi

Mama Mshauri amenitoa nje. Nyuma ya kliniki kuna ngazi tano za kwenda kwenye tangi la maji. Tumesimama juu, mimi na Bwana Mdogo kifuani, yeye pembeni. Amesema nisilifukuze wazo. Liache lije, nilitazame, nilitaje kwa sauti, halafu niteremke mguu mmoja.

Nikasema mikono inafunguka. Nikateremka mguu mmoja. Nikasema mikono inafunguka. Mguu wa pili. Mfagiaji alikuwa anatazama. Ngazi tano zilichukua dakika ishirini, na nililowa jasho kama niliyebeba gunia. Mikono haikufunguka. Kidole kimoja kimekufa ganzi kwa kukaza.

Nyumbani nimeshuka saba kwa miguu. Zilizobaki nimekaa. Fundi Viatu akaniuliza kwa huzuni kama nimeipoteza tena.

Jumatatu, 31 Machi

Mume wangu amerudi. Ni dereva wa lori, wiki nne barabarani. Mama Mshauri alisema nimweleze mwenyewe. Nikaona njia rahisi. Nimeliacha daftari hili mezani, limefunguliwa ukurasa wa ngazi, nikatoka kuanua nguo. Nikakaa uani muda wa kutosha mtu kusoma.

Nimerudi, ameweka sufuria ya moto juu yake. Alama ya duara iko hapo, tarehe tano, sasa haisomeki vizuri.

Nikamwambia basi kwa mdomo. Akaisogeza sufuria, akaitazama ile alama. Nilifikiri anatafuta namna ya kuniambia nirudi kwetu, na kwetu hakuna mtu. Kumbe alikuwa anafikiri. Akauliza ngazi ipi ndiyo mbaya zaidi.

Nikasema ya kwanza.

Leo jioni amekaa kwenye ile ya kwanza, peke yake, kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini. Mzee wa posta alimpelekea ungo.

Jumanne, 8 Aprili

Ngazi thelathini kwa miguu. Kumi na mbili bado za makalio. Nalala kwa saa tano mfululizo, kwa kuwa mama mkwe anamchukua Bwana Mdogo alfajiri. Bado kuna siku naamka kifua kimejaa mchanga. Juzi ilikuwa hivyo. Mama Mapacha naye ana siku zake, na siku zetu mbaya bado hazijagongana. Asubuhi tunaangaliana dirishani: nepi moja nyekundu kambani maana yake njoo ukae nami.

Mama Mshauri amefurahi. Amesema Jumanne ijayo nitajaza karatasi tena, na nikiwa chini ya kumi nitakuwa nakwenda mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki. Nikahisi sakafu imetoka. Mwezi mzima? Nani atanyamaza vile ili nimalize sentensi?

Ni kama alinisoma. Akasema nikihitaji kuja kila wiki, karatasi iseme itakavyosema, nimwambie tu. Maneno matatu yanatosha: bado nahitaji kuja.

Nikasema asante, nimeelewa.

Kile kiti kimewekewa kipande cha ubao, hakiyumbi tena. Sijui sasa anatujuaje.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima, na nimepata njia.

Karatasi ni kesho. Nikijaza ukweli, nimepiga hesabu, nitapata nane. Nane ni hatari. Kwa hiyo nitapata kumi na tatu. Siyo kumi na nne, itaonekana nimekariri. Usingizi nitaweka kisanduku cha tatu. Hofu cha tatu. Swali la kucheka nitaweka hapana kabisa, hilo peke yake linanipa nyingi. La kumi siligusi, hilo si la kuchezea. Nitajaza kweli.

Mama Mapacha ameusikia mpango na ameupenda. Yeye alama zake bado ziko juu bila msaada, lakini anasema siku moja zitashuka na atahitaji ujuzi. Amesema tukae benchi moja, safari hii yeye ndiye atakayechungulia.

Kilichobaki ni uso. Mama Mshauri anatazama uso kabla ya karatasi. Leo mchana nimesimama mbele ya kioo nimembeba Bwana Mdogo, nikautafuta uso wangu wa Februari. Sikuhangaika, ulikuwa karibu. Macho yakashuka, mdomo ukashuka, mashavu yakafuata.

Bwana Mdogo akautazama kiooni. Uso huo anaujua kuliko mtu yeyote. Miezi yake yote hapa duniani ndio aliokuwa akiamka na kuukuta. Akautazama, akanitazama mimi, akaurudia ule wa kioo. Halafu akacheka. Kicheko chenye sauti, cha tumboni, cha kwanza tangu azaliwe. Amedhani namchezea.

Nikajaribu tena. Akacheka tena. Mara ya tatu sikuumaliza, nililazimika kukaa chini, nikalia na kucheka vyote kwa pamoja, na mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Haifai. Kesho mtoto abaki nje na bibi yake. Ataniharibia.